4,294,967,297: Sifa za namba na sifa za vazi lake

Ukiuliza namba 4,294,967,297 ina sifa gani, jibu la haraka utalipata kwenye programu za hesabu zilizotapakaa intaneti: ni witiri, ina tarakimu 10, jumla ya tarakimu zake ni 59, si kipeo cha pili cha namba yoyote nzima, ina vigawo vinne, kwa mfumo wa mbili huandikwa hivi, kwa mfumo wa kumi na sita vile. Orodha hushuka hadi chini kabisa, kila sifa na mstari wake, zote zikiwa na uzito mmoja. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Orodha ya namna hiyo haina uongo hata mmoja, lakini msomaji huondoka mikono mitupu, kwa sababu imechanganya mambo mawili yasiyofanana: sifa za namba yenyewe, na sifa za vazi tulilolivika namba hiyo ili tuweze kuiandika.

Kipimo cha kuyatenganisha ni chepesi. Badilisha mfumo wa uandishi, kisha tazama kilichosalia. Jumla ya tarakimu haivuki mtihani huo. Kwa mfumo wa mbili namba yetu ni 1 mwanzoni, 1 mwishoni, na sifuri 31 katikati, hivyo jumla inashuka kutoka 59 hadi 2. Idadi ya tarakimu nayo inaruka kutoka 10 hadi 33. Kwa mfumo wa mbili inasomeka sawasawa ukianzia kushoto au kulia. Kwa mfumo wa kumi ulinganifu huo haupo. Wapo wanaofurahi kugundua kwamba 59 nayo ni namba tasa, wakadhani wamegusa siri. Hakuna siri hapo. Kama binadamu angekuwa na vidole vinane, huenda tungehesabu kwa nane, namba ingeandikwa 40000000001, jumla ya tarakimu ingekuwa 5, na hiyo 59 isingemjia mtu yeyote akilini.

Hata hivyo nisiwe mkali kupita kiasi, maana vazi nalo wakati mwingine hubana mwili. Ukigawanya 59 kwa 9 inabaki 5, na ukigawanya namba yenyewe kwa 9 inabaki 5 vilevile. Baki hiyo ni mali ya namba, iandikwe kwa mfumo wowote ule, na inatuambia papo hapo kwamba namba haigawanyiki kwa 3. Tarakimu ya mwisho, 7, ni vivyo hivyo. Ndugu zake watatu wanaoitangulia katika ukoo nitakaoueleza hivi punde, 17, 257 na 65,537, wote wanaishia na 7, na sababu ni kwamba kila moja ni kipeo cha 16 kilichoongezwa 1, na 16 ukiizidisha kwa 16 mara utakazo, tarakimu ya mwisho haiachi kuwa 6. Ongeza 1, unapata 7. Kilicho cha kweli ndani yake ni kwamba namba hizi zote ni witiri na kila moja ukiigawanya kwa 5 inabaki 2. Tarakimu 7 ni namna tu ambavyo mfumo wa kumi unaionyesha habari hiyo.

Basi sifa ipi inazibeba nyingine? Kwa maoni yangu ni moja, na programu nyingi huiweka mwishoni au huiacha kabisa: namba hii ni 2³² + 1. Chukua 2, izidishe mpaka kipeo cha 32, ongeza 1. Karibu kila jambo la maana linaloweza kusemwa juu yake linatoka hapo, likiwemo kosa la mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 17.

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa kupenda. Mwaka 1640, akimwandikia mwanahisabati mwenzake Frénicle de Bessy, alizungumzia namba zinazopatikana kwa kuongeza 1 kwenye vipeo vya 2, pale ambapo kipeo chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Ya sita ni hii yetu. Fermat aliamini kwamba zote, bila mwisho, ni tasa, ingawa alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho.

Ni rahisi kumcheka leo. Mifano mitano si uthibitisho, na mwalimu yeyote wa hisabati hulisema hilo darasani. Lakini ukiitazama hali yake vizuri, jambo linalosumbua ni jingine. Mwaka huohuo wa 1640 Fermat alimpelekea Frénicle kanuni ambayo hadi leo inabeba jina lake: ikiwa p ni namba tasa na a haigawanyiki kwa p, basi a kwa kipeo cha p − 1 ukiigawanya kwa p inabaki 1. Na mwaka huohuo alitumia mawazo ya namna hiyo kuonyesha kwamba 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Kwa maneno mengine, ufunguo wa kuifungua 2³² + 1 alikuwa nao mfukoni, na mlango mwingine wa aina hiyo alikwisha kuufungua. Sioni dalili ya uvivu hapo. Naona mtu aliyeupenda muundo kiasi kwamba hakuutilia shaka, na pengine aliyejaribu akakosea hesabu mahali fulani.

Suala lilikaa karibu miaka 90. Desemba 1729 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia mwenzake Leonhard Euler akimuuliza kama anaufahamu uchunguzi huo wa Fermat. Euler mwanzoni hakuonyesha hamu kubwa. Goldbach alisisitiza, na mwaka 1732 Euler, akiwa na umri wa miaka 25, aliieleza Akademia ya Sayansi ya Saint Petersburg kwamba namba ya sita inagawanyika kwa 641.

Msomaji hahitaji kumwamini Euler wala mimi. Kalamu na karatasi vinatosha. Hatutaki kuigawanya namba yote ya tarakimu 10. Tunataka baki tu, na baki inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. 2 kwa kipeo cha 16 ni 65,536. Igawanye kwa 641: inaingia mara 102, inabaki 154. Sasa 2³² ni 65,536 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo baki yake ni ileile ya 154 × 154, yaani 23,716. Hiyo ukiigawanya kwa 641 inaingia mara 36, inabaki 640. Ongeza ile 1 na baki inakuwa 641 kamili, maana yake hakuna kinachobaki. Dai lililodumu tangu 1640 linaanguka kwa mistari miwili ya hesabu za shule. Kigawo cha pili ni 6,700,417.

Vitabu hupenda kuonyesha uthibitisho mwingine, wenye madoido zaidi: 641 ni 5 × 128 + 1, na papo hapo ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, ukiziunganisha kauli hizo mbili kwa ustadi, jibu linajitokeza bila kugawanya chochote. Ni uthibitisho mzuri, nakubali. Ila siupendi ukitumika kama maelezo, kwa sababu unaanza na 641 ikiwa tayari mkononi. Anayetaka kujua namna ya kumpata mwizi haambiwi tu kwamba alama za vidole zimelingana.

Namna ya kumpata ndiyo sehemu tamu. Tuseme p ni namba tasa inayoigawanya 2³² + 1. Maana yake 2³² ukiigawanya kwa p inabaki pungufu ya p kwa 1, au tuseme inabaki −1. Zidisha baki hiyo yenyewe kwa yenyewe: 2⁶⁴ inabaki 1. Kwa hiyo vipeo vya 2, vikigawanywa kwa p, vinazunguka kwenye duara lenye hatua 64 kamili. Tazama mfano mdogo, ule wa 17, ambayo ni 2⁴ + 1. Mabaki ya vipeo vya 2 ukivigawanya kwa 17 ni 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1, kisha yanaanza upya. Hatua nane, mara mbili ya 4. Kwa namba yetu ni mara mbili ya 32. Na kanuni ya Fermat inasema baada ya hatua p − 1 lazima uwe umerudi kwenye 1, kwa hiyo p − 1 ni lazima igawanyike kwa 64.

Sasa angalia kazi ilivyopungua. Namba tasa yoyote inayotaka kuigawanya 4,294,967,297 ni lazima iwe 64 mara kitu fulani, jumlisha 1. Mfululizo huo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa zisizo tasa: zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Kwa njia hii majaribio matano yanatosha. Mtu asiyeijua njia hiyo angepaswa kupita kwenye namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, ambazo ni 6,542, au kwa bahati aikute 641 baada ya majaribio zaidi ya 100.

Na kazi haikuishia kwenye 641. Ili kusema namba ina vigawo vinne tu, ni lazima ujue kwamba 6,700,417 ni tasa. Hapa tena muundo unafanya kazi. Kigawo chochote tasa cha 6,700,417 ni kigawo cha namba mama, kwa hiyo nacho ni lazima kiwe cha umbo lilelile, na hatuna haja ya kuvuka kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 2,588. Kuanzia 641 hadi hapo, namba tasa za umbo hilo ni 641 yenyewe (huenda ingeingia mara ya pili), 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hakuna hata moja inayoingia. Jumla ya kazi yote, toka mwanzo hadi mwisho, ni migawanyo 12. Namba inayozidi bilioni nne imemalizwa kwa migawanyo 12, kwa kuwa tulijua ilitoka wapi. Mnamo 1878 Édouard Lucas aliongeza kwamba kigawo hicho ni lazima kiwe cha umbo la 128 mara kitu, jumlisha 1. Kwa sharti hilo, kabla ya kufika 641 unakutana na 257 pekee.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema namba fulani ni ngumu kwa sababu ni kubwa. Chukua namba yoyote ya tarakimu 10 uliyoiokota bila mpango, isiyo na asili inayojulikana, na huna njia ya mkato ya aina hii; unabaki na mbinu za jumla. Hii yetu imezaliwa na kanuni, na kanuni ilimpotosha Fermat kama ilivyomsaidia Euler.

Kuna njia nyingine ya kuiona namba hii ikijifichua, na mimi naipenda kuliko ya 641. 2³² + 1 ni 65,536² + 1², yaani ni jumla ya vipeo viwili vya pili. Hilo linaonekana bila kufikiri. Ila namba ileile ni pia 62,264² + 20,449². Hesabu ukitaka: 3,876,805,696 jumlisha 418,161,601. Sasa, namba tasa haiwezi kugawanywa kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili tofauti. Ikiwezekana, inawezekana kwa njia moja tu. Kwa hiyo jozi ya pili peke yake ni ushahidi tosha kwamba namba si tasa, na wala haikutaja kigawo chochote.

Lakini ukiikamua, inakitaja. Toa jozi moja kwenye nyingine: 65,536 − 62,264 ni 3,272, na 20,449 − 1 ni 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Kisha jumlisha: 65,536 + 62,264 ni 127,800, na 20,449 + 1 ni 20,450. Kigawo chao kikubwa cha shirika ni 50. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25, na 4² + 25² ni 16 + 625. Ni 641 tena, imekuja kwa mlango ambao hauna uhusiano wowote na ule wa kwanza. Kilichobaki kwenye hesabu hiyohiyo, yaani 3,272 ÷ 8 na 20,448 ÷ 8, ni 409 na 2,556, na jumla ya vipeo vyao vya pili ni 6,700,417. Euler alizitumia mbinu za namna hii kuchunguza namba kubwa. Ukiniuliza sifa moja ya 4,294,967,297 inayostahili mstari wake kwenye orodha yoyote, nitachagua hizi jozi mbili.

Sifa nyingine nitazipitia haraka, maana ukishajua vigawo hakuna mshangao. Vigawo vyake ni 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jumla yao ni 4,301,668,356. Ukiiondoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 6,701,059 tu, kiasi kidogo mno mbele ya bilioni nne, hivyo haikaribii hata kidogo kuwa namba timilifu, yaani ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake vingine. Idadi ya namba kuanzia 1 hadi kwake ambazo hazishiriki nayo kigawo chochote zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240. Hizi ni sifa za kweli, zinavuka mfumo wowote wa uandishi, ila zote ni habari moja iliyosemwa mara tatu. Anayeijua mojawapo anaweza kuvipata vigawo, na anayevijua vigawo anazijua zote.

Majirani zake wanastahili muda zaidi. Kabla yake yuko 4,294,967,296, ambayo ni 2³²: haina kigawo tasa kingine isipokuwa 2. Kabla ya hiyo yuko 4,294,967,295, na huyu ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Tazama vizuri: hizo ni zile namba tano za Fermat, zote, kila moja mara moja. Si sadfa. 2³² − 1 ni (2¹⁶ − 1) × (2¹⁶ + 1), na 2¹⁶ − 1 nayo inakatika vilevile, kushuka mpaka mwisho. Goldbach aliona kilichomo ndani ya jambo hili: namba ya Fermat ukiitolea 2 inakuwa zao la zote zilizoitangulia, kwa hiyo kigawo chochote kinachoshirikiwa na mbili kati yao ni lazima kiigawanye 2, na zote ni witiri. Basi hakuna mbili zinazoshiriki kigawo tasa. Kwa kuwa mfululizo hauna mwisho, na kila moja inaleta walau kigawo tasa kipya, namba tasa hazina mwisho. Dai la Fermat lilikufa, lakini mfululizo wake ukaacha uthibitisho mwingine wa jambo alilolionyesha Euclid zaidi ya miaka 2,000 nyuma.

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 18, alionyesha kwamba umbo sawia (lenye pande na pembe zinazolingana) la pande 17 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee. Pierre Wantzel alikamilisha upande wa pili mwaka 1837: umbo lenye idadi witiri ya pande linachoreka ikiwa tu idadi hiyo ni zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Hivyo umbo sawia la pande 4,294,967,295 linachoreka, na ndilo kubwa kuliko yote yenye idadi witiri ya pande tunayoyajua. La pande 4,294,967,296 linachoreka pia, kwa kukata pembe nusu kwa nusu. La pande 4,294,967,297 halichoreki, kwa sababu 641 si namba ya Fermat. Macho yasingeona tofauti kati ya maumbo hayo matatu. Yote yangeonekana duara.

Kompyuta nazo zinawajua majirani hawa. Nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za mfumo wa mbili, inabeba namba kuanzia 0 hadi 4,294,967,295, na ndiyo sababu anwani za intaneti za mfumo wa zamani wa IPv4 ni 4,294,967,296 na si zaidi. Ukijaribu kuiingiza namba yetu kwenye nafasi hiyo, biti ya juu kabisa inadondoka na kompyuta inabaki imeshika 1. Hiyo ni sifa ya mashine, si ya namba, japo orodha nyingi hazisiti kuiweka pamoja na vigawo.

Nimeacha kwa makusudi jambo linalonifanya nirudi kwenye namba hii kila mara. Kanuni ya Fermat, kama nilivyosema, inasema namba tasa p inaacha baki ya 1 pale a inapopandishwa kwa kipeo cha p − 1. Watu wakaona njia ya kupima: chukua a = 2, fanya hesabu, na ikibaki 1 tangaza kwamba namba ni tasa. Ipime 4,294,967,297 hivyo. Kipeo ni 2³², na tulikwisha kuona kwamba 2⁶⁴ inabaki 1. Kwa kuwa 2³² inagawanyika kwa 64 bila tatizo, jibu ni 1. Kipimo kinasema tasa, na kipimo kinadanganya. Sio bahati mbaya ya namba hii moja: namba zote za Fermat, tasa na zisizo tasa, zinafaulu kipimo cha 2, kwa sababu zimejengwa kwa 2. Ni kama kumuuliza mtu kuhusu uadilifu wa baba yake.

Badilisha 2 uweke 3. Sasa 3 kwa kipeo cha 2³² ni hesabu ya kuzidisha baki yenyewe kwa yenyewe mara 32, kazi ya kuchosha kwa mkono lakini inayowezekana. Baki ni 3,029,026,160. Si 1. Kwa hiyo namba si tasa, na tumelijua hilo bila kuigusa 641. Théophile Pépin, mwaka 1877, alilifanya wazo hili kuwa kipimo kisichokosea kwa namba za Fermat: simama hatua moja kabla ya mwisho, baada ya kuzidisha mara 31, na ikiwa namba ni tasa baki itakuwa pungufu ya namba yenyewe kwa 1, la sivyo, si tasa. Hapa ingetakiwa 4,294,967,296. Inayopatikana ni 10,324,303.

Umuhimu wake hauonekani vizuri kwenye namba ya sita, kwa kuwa kigawo chake kiko karibu. Unaonekana unapopanda. Namba inayofuata, 2⁶⁴ + 1, ilivunjwa na Fortuné Landry mwaka 1880, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80: 274,177 × 67,280,421,310,721. Ile ya 2¹²⁸ + 1 ilisubiri hadi 1970, ikavunjwa na Michael Morrison na John Brillhart kwa kompyuta. Ya 2²⁵⁶ + 1 ilifuata 1980. Kuanzia kipeo cha 4,096 vigawo vinajulikana kwa vipande tu. Na ukifika kwenye kipeo cha 2²⁰, na tena cha 2²⁴, unakutana na namba ambazo tunajua kwa hakika si tasa na hakuna mtu anayejua hata kigawo chake kimoja. Ya pili kati ya hizo ina tarakimu zaidi ya milioni tano. Mwaka 1999 kipimo cha Pépin kilitoa baki isiyo ile ambayo namba tasa ingetoa, na hiyo ndiyo habari yote tuliyonayo kuhusu vigawo vyake: vipo.

Programu ya orodha, ikipewa namba kama hiyo, itaacha wazi mstari wa vigawo, itajaza jumla ya tarakimu, na msomaji ataondoka akidhani pengo hilo ni upungufu wa programu.

Baada ya zile tano za Fermat hakuna tasa nyingine iliyopatikana, na wengi wanaohusika na suala hili wanadhani hakuna. Mimi nami nadhani hivyo, ingawa baada ya yaliyompata Fermat ni afadhali kutamka dhana hiyo kwa sauti ya chini. Ndogo kuliko zote ambayo haijulikani kama ni tasa au la ni ile yenye kipeo cha 2³³. Ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5. Kipimo cha Pépin kinaitosha kabisa, hakihitaji ugunduzi wowote mpya: unaanza na 3, unazidisha baki yenyewe kwa yenyewe mara 8,589,934,591, kila mara ukiwa na namba ya urefu huo mkononi. Wala huwezi kuigawa kazi hiyo kwa hatua miongoni mwa kompyuta elfu moja, kwa sababu hatua ya pili haianzi mpaka jibu la kwanza lipatikane.